Gradius III au Thunder Force III: ipi inamfaa anayeanza?

PediMkononi
Ndugu wanajukwaa, nimezoea gemu za mpira na za mbio za magari, na sasa nataka kujifunza kwa dhati gemu za ndege za kufyatua risasi za konsoli za Kijapani. Nimebakiza mbili, zote za mwaka 1990: Gradius III ya Konami kwenye Super Famicom, na Thunder Force III ya Technosoft kwenye Mega Drive. Kwa picha tu, Gradius III inanivutia zaidi. Je, hicho ni kigezo cha kutosha?

Kapsuli_Nyekundu
Hakitoshi. Mimi huanza kuipima gemu ya aina hii kwa kuangalia inakufanyia nini ukishakufa. Katika Gradius III unaokota kapsuli, na kila kapsuli inasogeza taa nafasi moja kwenye mstari ulio chini ya skrini, kuanzia mwendo, kombora na kuendelea, nawe ndiye unayeamua ubonyeze sasa au usubiri kilicho bora. Uamuzi huo mdogo, unaofanywa risasi zikiwa zinakujia usoni, ndio utamu wa mfululizo huu tangu 1985. Lakini ukiguswa mara moja tu, unarudishwa nyuma ukiwa na ndege tupu, nzito, isiyo na leza, na unakutana tena na maadui walewale waliokushinda ulipokuwa umejizatiti.

Thunder Force III haikurudishi nyuma. Ndege mpya inatokea palepale, na katika silaha ulizokusanya unapoteza ile tu uliyokuwa ukiitumia, hivyo mchezaji makini akiona hatari hubadili haraka arudi kwenye silaha ya kawaida ili asiipoteze Hunter, ambayo risasi zake huwafuata maadui zenyewe.

Bibi_wa_Leza
Nakubaliana na Kapsuli kuhusu adhabu, ila naomba nitetee Gradius III kwa jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dosari. Kichakato cha Super Famicom kinakwenda kwa megahezi 3.58 kikiwa kasi kabisa, wakati kile cha Mega Drive kinakwenda kwa 7.67, na ingawa namba hizo peke yake hazimalizi ubishi kwa kuwa vichakato vyenyewe havifanani, tofauti inaonekana kwa macho. Katika hatua ya pili, ile ya mapovu, ukipiga povu linagawanyika, vipande vinajaa skrini, na gemu nzima inapungua mwendo. Kwa mwanafunzi hiyo ni nafasi ya kuiona njia ya kupita. Tatizo ni pale mapovu yanapopungua, kwa kuwa mwendo unarudi ghafla, na kidole kilichozoea polepole kinachelewa.

MsafaraWaKiangazi
Kabla ya kuhukumu yoyote, hakikisha unacheza kwa picha 60 kwa sekunde. Ukicheza kwa mpangilio wa PAL, ambao ndio mfumo wa televisheni zetu za zamani Tanzania na Kenya, gemu hizi zilizotengenezwa kwa 60 zinakwenda kwa 50, yaani mwendo unashuka kwa sehemu moja ya sita na muziki nao unaburuta. Nimesoma hukumu nyingi zilizosema gemu fulani ni nzito, kumbe kilichohukumiwa ni mpangilio.

Naongeza la tatu: Soldier Blade ya Hudson, ya mwaka 1992, kwenye konsoli ya PC Engine. Ina mtindo wa dakika 2 na wa dakika 5, ambamo unashindania alama tu, kama katika mashindano ya kiangazi ambayo Hudson iliyazungusha nchini Japani kuanzia 1985. Dakika 2 zikirudiwa kila jioni zinakufundisha mahali kila adui anapotokea, na alama zako zinakuambia ukweli kama umepanda.

PediMkononi
Nawashukuru. Nitaanza na Thunder Force III, na Soldier Blade iwe ya mazoezi. Naona Thunder Force III inakuruhusu kuchagua sayari ya kuanzia kati ya tano. Nianze na ipi?

Kapsuli_Nyekundu
Anza na Hydra, na Haides uiweke mwisho, kwa kuwa kuta za mapango yake zinasogea na kukubana kabla hujajua pa kukaa. Pia jifunze mapema kitufe cha kubadili mwendo wa ndege: sehemu nyembamba zinataka mwendo wa chini.