Praktiko za baiolojia tunafundishiwa ubaoni, halafu ada ya maabara tunadaiwa kamili!

Wakuu, nipo mwaka wa 3, shahada ya sayansi ya baiolojia. Chuo sikitaji, bado nasoma hapo.

Wiki hii tulikuwa na praktiko ya kupaka bakteria rangi kwa njia ya Gram, inayotenganisha makundi mawili ya bakteria: wanaobaki zambarau na wanaotoka pinki. Watu wa maabara mnaijua: krista vayoleti, iodini, alkoholi, mwisho safranini. Ugumu wote upo kwenye alkoholi, inayoosha rangi ya kwanza. Ukiizidisha sekunde chache tu, bakteria aliyetakiwa kubaki zambarau anatoka pinki, unasoma jibu kinyume. Kitu hicho huwezi kukijua kwa kusimuliwa, lazima ukifanye, ukosee, urudie.

Sisi tumefanya nini? Safranini imeisha tangu muhula uliopita. Hadubini moja watu kumi na tano, na mafuta ya lenzi kubwa hakuna. Fundi wa maabara akachora maduara mawili ubaoni, moja chaki ya zambarau, jingine pinki, akasema, "Matokeo yenu hayo, ripoti Ijumaa." Tukanakili! Waliodesa ripoti za mwaka jana wakabadilisha tarehe tu wamepata alama sawa na sisi.

Fundi simlaumu, kabati analofungua kila siku ni tupu. Nawalaumu wanaopanga bajeti. Ada ya praktiko ipo kwenye ankara kila mwaka, na bila kuilipa mtihani hufanyi. Wenye mkopo wa bodi wana kipengele cha mahitaji maalumu ya kitivo, deni ambalo ukiajiriwa linakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mtu atalipa miaka na miaka kemikali ambayo hajawahi kuiona kwenye chupa?

Mashine ya PCR, ile ya kuzidisha nakala za DNA ili zipimike, tunayo. Imefunikwa kitambaa, inafunuliwa wageni wakija. Mwaka 2020 mpaka bodaboda walikuwa wanaitaja PCR kwa sababu ya corona, na mimi ninayeisomea naijua kwa mchoro wa slaidi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ni nchi ya chura wa Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, chura yule ilibidi apelekwe Marekani mwaka 2000 akazalishwe huko ndipo asitoweke kabisa. Akitokea mwingine kesho, nani atamhudumia hapa hapa nyumbani? Sisi tunaohitimu hata pipeti hatujui kuishika?

Na msije kuniambia "angalieni video". Kwenye usaili wa maabara ya hospitali unapewa sampuli na muda, sio video.

Wawakilishi wa darasa wamepeleka barua kwa mkuu wa idara. Tunataka mchanganuo wa ada ya praktiko ya miaka 3 ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, na praktiko zilizochorwa ubaoni zirudiwe kabla ya mitihani. Wasipojibu, barua inayofuata inakwenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na majina yetu yote chini. Walio vyuo vingine, kwenu hali ikoje? Wekeni hapa.