Filamu ya Freddie Mercury imenichosha, ya mbwa mwitu imenikosha. Nani anabisha?

Kiti cha Nyuma:
Wakuu, wikendi hii umeme haukukatika, nikaangalia mbili. Ya kwanza Bohemian Rhapsody ya 2018, ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ile iliyompa Rami Malek Oscar. Nimechoka. Bendi inagombana, inasambaratika, Freddie anawaambia wenzake kwamba ana UKIMWI, halafu wanapanda jukwaa la Live Aid, lile tamasha la hisani la Wembley, na machozi yao. Queen hawakuwa wamevunjika! Januari 1985 walikuwa jukwaani Rio, miezi sita tu kabla ya Wembley. Na ugonjwa aligundulika nao 1987 hivi. Yaani ugonjwa wa mtu umepangiwa tarehe mpya ili sisi tulie vizuri.

Ya pili An American Werewolf in London, ya 1981. Wanafunzi wawili wa Kimarekani wanaonywa na wanakijiji wasitoke barabarani usiku. Wanatoka. Nimecheka, nikaogopa, nikacheka tena.

Swali langu: filamu ya maisha ya mtu halisi ina ruhusa kiasi gani kupindisha mambo? Na huyu si mtu baki, ni mtu wetu wa Shangani, Zanzibar.

Pweza Mkavu:
Mtu wetu tangu lini? Kaondoka mtoto mdogo, jina kabadilisha, hata Forodhani hajakanyaga tena. Mkishaona Oscar ndio mnakumbuka undugu.

Bi Mkunazini:
Mtoto mdogo gani, yakhe? Kazaliwa 1946, wazee wake wamehama baada ya Mapinduzi ya 1964. Piga hesabu mwenyewe. Baba yake alikuwa mshika fedha mahakamani hapahapa.

Pweza Mkavu:
Na shule alisoma wapi? India. Kapelekwa na miaka minane. Sasa huo Uzanzibari ulimwingia saa ngapi, likizo?

Bi Mkunazini:
Wangapi wamepelekwa Muscat, Cairo na London na miaka minane, na leo unawaita ndugu wakishuka bandarini na masanduku? Sema lako lingine linalokukera, usijifiche nyuma ya shule.

Pweza Mkavu:
Halifichiki na halihitaji kusemwa. 2006 Uamsho, lile kundi la Kiislamu, walipopinga ile sherehe ya kumbukumbu yake pwani, watu walijua kwa nini.

Mwana wa Kaloleni:
Mimi niko Mombasa na popcorn yangu. Mtu aliuliza kuhusu sinema, jameni.

Bi Mkunazini:
Unasema ushoga wake. Na leo jumba la makumbusho lake liko Shangani, watalii wanalipa kuingia. Hao waliopinga, pesa zake zinawaunguza?

Dereva wa Darajani:
Dada, hapo kwenye watalii niache niseme. Kila mwongozaji ana nyumba yake ya "hapa ndipo alipozaliwa Freddie". Mgeni mmoja anaweza kuonyeshwa tatu kwa siku moja. Filamu ikidanganya mnalalamika, sisi tunadanganya kwa miguu.

Kiti cha Nyuma:
😂 Dereva umeniua. Lakini rudini kwenye swali basi. Zanzibar yenyewe humo imetajwa kwa kupita tu. Tunamkuta kashakuwa kijana anabeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow.

Mhasibu Mstaafu:
Kijana, filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 900. Wewe umeingiza ngapi? Watu walitaka nyimbo, wakapewa nyimbo. Anayetaka historia aende maktaba.

Kiti cha Nyuma:
Mzee wangu shikamoo, ila hoja ya "umeingiza ngapi" ingefunga midomo ya nchi nzima. Sijawahi kutaga yai, viza nalijua. Wamemfanya Freddie msaliti kwa kutoa albamu yake peke yake, wakati Roger Taylor mpiga ngoma alishatoa mbili za kwake kabla. Na huyohuyo Taylor pamoja na Brian May walikuwa ndani ya utengenezaji. Marehemu hana pa kujibia.

Mhasibu Mstaafu:
Marahaba. Lakini mimi nililia, na mke wangu alilia.

Mwana wa Kaloleni:
Oscar ya uhariri ndiyo iliyoniudhi mimi. Ile sehemu wanakutana na meneja mezani, kamera inaruka kila sekunde mpaka nikashikwa na kizunguzungu. Eti uhariri bora!

Pweza Mkavu:
Tuelezeni hiyo ya mbwa mwitu basi, maana ya huyo jamaa imeshakuwa siasa.

Bi Mkunazini:
Siasa umeileta wewe.

Kiti cha Nyuma:
Pweza, utaipenda. Kijana anageuka kuwa mbwa mwitu sebuleni, taa zote zinawaka. Hakuna kompyuta. Unaona mkono unarefuka, mgongo unatoka mifupa, huku nyuma unapigwa wimbo mtamu wa mwezi. Fundi wake Rick Baker alipewa Oscar ya kwanza kabisa kuwekwa kwa ajili ya urembaji wa waigizaji (makeup). Michael Jackson aliiona, akawachukua yeye na mwongozaji John Landis wakamtengenezee Thriller.

Dereva wa Darajani:
Kwa hiyo yale macho ya Thriller yaliyonilaza kwa bibi yangu wiki nzima yametoka huko?

Pweza Mkavu:
Sisi tuliokuwepo wakati wa lile jini popobawa 1995 hatutishwi na manyoya. Watu walilala nje mtaa mzima, wakubwa na heshima zao.

Mwana wa Kaloleni:
Hiyo ndiyo filamu ningelipia. Ila mkiitengeneza nyinyi mtagombana popobawa ni wa Pemba au wa Unguja.

Bi Mkunazini:
Alianzia Pemba, hilo halina mjadala.

Pweza Mkavu:
Halina mjadala kwa nani?

Mama Wawili:
Samahanini nyote. Hiyo ya mbwa mwitu naweza kuangalia na watoto Ijumaa?

Kiti cha Nyuma:
Mama, usithubutu. Mazungumzo muhimu kuliko yote ya yule kijana na rafiki yake maiti yanafanyika ndani ya ukumbi wa filamu za ngono, Piccadilly.

Mhasibu Mstaafu:
Inapatikana wapi?