Naomba ushauri: nyekundu na kijani kwenye picha ya msiba

Habari za kazi wachoraji wenzangu, na shikamooni mlionitangulia.

Ninachora sebule ya msiba usiku, watu wamekaa kimya chini ya taa. Sitaki nyuso zilie, nataka rangi ndiyo ibebe uzito. Ninayemfuata ni Vincent van Gogh, kwa ile picha ya mkahawa wa usiku aliyoichora Arles, Ufaransa, Septemba 1888: kuta za rangi ya damu, dari na meza ya biliadi za kijani, taa za njano. Alimwandikia mdogo wake Theo kwamba kwa nyekundu na kijani alijaribu kuonyesha tamaa kali za binadamu. Na kweli, ukiitazama kifua kinabana, ingawa mle ndani hakuna anayepiga kelele.

Mimi natumia akriliki juu ya turubai. Nikiweka nyekundu na kijani kwa nguvu sawa, picha inachangamka kama ya harusi. Nimejaribu kutia nyekundu kidogo ndani ya kijani ili itulie, ikawa kahawia iliyokufa. Nikaongeza nyeupe, kuta zikapauka na huzuni yote ikaondoka.

Je, nipunguze ukali wa rangi moja, au niache zote kali ila moja ichukue eneo dogo? Na kwa akriliki inavyokauka haraka, mnafanyaje mipigo ya brashi ibaki minene bila rangi kuchafuana? Wanaotumia rangi za mafuta pia naomba mseme, niko tayari kubadili.