Naomba ushauri: luninga imefika na kioo kilichopasuka, muuzaji na basi wanatupiana mpira

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Wiki mbili zilizopita nilinunua luninga ya inchi 43 kwa muuzaji wa mtandaoni mwenye duka Kariakoo, nikalipa shilingi 620,000 kwa simu, naye akanitumia Mbeya kwa basi. Boksi lilikuwa limebonyea kona moja tu, kwa hiyo nilisaini bila kulifungua (kosa langu, nakiri), lakini nilipoiwasha nyumbani nikakuta ufa unaoanzia kona ileile na kusambaa kama utando wa buibui.

Muuzaji anasema mzigo ulitoka dukani ukiwa mzima na kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ofisi ya vifurushi nayo inanionyesha maandishi ya nyuma ya risiti, kwamba vitu vya kuvunjika husafirishwa kwa dhamana ya mwenye mzigo, ingawa basi alilichagua muuzaji mwenyewe.

Ninazo risiti, picha za boksi na mazungumzo yetu ya WhatsApp. Je, nianzie Tume ya Ushindani, FCC, au Mahakama ya Mwanzo? Na nimdai nani kati ya hao wawili?