Nina vifaranga 27 wa mbuna, niwapeleke wapi?

Mama_wa_Tabata:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na mnivumilie nikirefusha maelezo.

Nina tangi la kioo la lita 200 sebuleni. Mwaka jana nilinunua mbuna wanane, wale samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa: watano wa njano na watatu wa bluu wenye mistari myeusi. Mwezi Machi jike mmoja wa njano aligoma kula. Kidevu kimevimba, anajibanza nyuma ya jiwe, chakula kikishuka anageuka. Nikajua ni ugonjwa, nikaanza kuulizia dawa. Usiku nikammulika kwa tochi ya simu. Pale kooni, chini ya ngozi laini, nikaona vijicho vyeusi vimejipanga kama mbegu ndani ya papai. Nilipiga magoti pale pale sakafuni nikamtazama mpaka shingo ikauma. Kumbe alikuwa ameatamia mdomoni! Karibu wiki tatu hakutia kitu tumboni.

Nikamhamishia tangi la lita 40 lenye chujio la sponji. Kesho yake akawatema, 27, kila mmoja kama sentimita moja. Sasa wana miezi mitatu na hajafa hata mmoja. Nawasagia chakula kwa vidole mara tatu kwa siku, nabadilisha theluthi ya maji kila Jumamosi, na umeme ukikatika naamka kuwasha pampu ya betri. Wamefika sentimita tatu. Nafasi imewabana, wameanza kung'atana mapezi.

Muuzaji mmoja alikubali kuwachukua wote. Nilipofika na ndoo yangu nikakuta kwenye matangi yake waliokufa wanaelea na walio hai wanawadonoa. Nikageuza nao nyumbani. Baba mkwe, ambaye namheshimu sana, anasema niwamwage Mto Msimbazi, watajitafutia. Moyo unakataa.

Niwape watu wa namna gani? Nitawabebaje wasife njiani? Na mbona wengine wametoka njano iliyofifia yenye mistari?

Mzee_wa_Vioo, Tanga:
Hongera mwanangu. Kulea 27 bila kupoteza hata mmoja si jambo dogo.

Nianze na hiyo mistari. Baba yao ni mmoja wa wale wa bluu. Hao ni chotara. Hawana ugonjwa wowote na wataishi vizuri, ila kila utakayempa mwambie wazi kwamba ni chotara. Ukinyamaza, atawauza au kuwagawa kama njano halisi, na baada ya vizazi viwili hakuna atakayejua ana samaki gani. Hili naliona zito. Mimi nafuga demasoni, wale wadogo wa bluu iliyoiva wa miamba ya Pombo, upande wetu wa Nyasa. Wanasayansi waliwapa jina mwaka 1994 tu, na kwao ni eneo dogo sana la ziwa. Nawaweka peke yao, maana nikiwachanganya nitakuwa nimeharibu kitu ambacho sina uwezo wa kukirudisha.

Sentimita tatu wanatosha kuhama. Usimpe mtu wawili au watatu, kwa sababu mbuna ni wagomvi: wakiwa watatu mmoja atafukuzwa mpaka afe, wakiwa kumi na wawili kipigo kinagawanyika. Muulize anayewataka tangi lake ni lita ngapi. Chini ya 150, mnyime, hata akiwa ndugu. Muulize anafuga nini kingine humo. Muulize na maji yake. Nyasa maji yake si ya uchachu, kwa hiyo kisima ambacho sabuni inasumbua kutoa povu mara nyingi kinawafaa kuliko maji ya mvua.

Siku moja kabla ya safari usiwalishe, wasije wakachafua maji njiani. Tumia ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, maji ya tangi lao wenyewe, na ile pampu yako ya betri. Safiri asubuhi kabla jua halijakaza. Mkifika, ongezeni maji ya pale kikombe kimoja kila baada ya dakika tano, kwa saa nzima. Hapo ndipo wengi huharakisha, na samaki wanakufa kesho yake.

Kijana_Kimara:
Shikamoo mzee. Dada, mimi nina lita 240, mawe matupu, hamna samaki tangu Januari ila chujio linafanya kazi. Naomba 12, na uchotara haunisumbui. Niwalishe minyoo?

Mzee_wa_Vioo, Tanga:
Marahaba. Minyoo hapana, na moyo wa ng'ombe usiuguse kabisa. Mbuna wengi kwao hukwangua ukoga kwenye mawe, nyama ikizidi tumbo linaweza kuvimba, na mara nyingi hawaponi. Chemsha mchicha, ukate vipande vidogo.

Mwana_wa_Mwanza:
Dada, mtoni usimwage, nakusihi. Bibi yangu alikuwa akianika furu, visamaki vya Ziwa Victoria ambavyo ni ndugu wa hao mbuna wako, na wa sato na perege pia. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 kwa nia njema ya kuongeza mavuno. Kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi sana walikuwa wametoweka. Bibi alikuwa akitaja majina ya furu ambao mimi sijawahi kuwaona. Mweleze baba mkwe hivyo, kwa upole. Wazee wa kwetu waliishuhudia.

Mama_wa_Tabata:
Ahsanteni sana. Nimemweleza baba, akanyamaza, halafu akaniuliza hao furu walikuwa na ladha gani. Mto hautaji tena.

Jumamosi nilipeleka 12 Kimara. Tulimimina vikombe kwa saa nzima, hajafa mmoja. Tisa nimempa mwalimu wa biolojia anayefuga lita 300, amebandika neno CHOTARA kwenye kioo. Sita nabaki nao. Wale watatu wa bluu nimewatafutia tangi lao.

Ila mzee, jana jike yule yule amekataa tena chakula, na kidevu kimeshuka. Hawa nao watakuwa chotara, maana bluu wametoka juzi tu. Nimhamishe?

Mzee_wa_Vioo, Tanga:
Safari hii mwache humo humo, awatemee kwenye mawe. Wengi wataliwa na wakubwa, watapona watatu au wanne, na hao utawamudu. Najua itakuuma kutazama. Akishatema, mlishe vizuri mwezi mzima, amekonda huyo.