Amplifaya imeunguzwa ofisini, madai najaza fomu gani?

Mtoto wa Wete, Toronto
Asalaam aleikum jamaa zangu. Nna jambo linanichoma. Nlimtumia kaka yangu Wete, Pemba, amplifaya ya maulidi na shughuli za mtaani, B/L (hati ya meli) ipo, packing list (orodha ya vilivyomo) ipo, TIN ya kaka ipo. Imefika, ofisi moja (jina naliacha) wakasema lazima waone kama ni nzima au taka za umeme, wakaitia ukutani hapo hapo, na nyuma imeandikwa wazi AC 120V 60Hz, na umeme wa nyumbani ni 230V. Ikavuma mara moja, pa! kimya. Kaka kalipa storeji kaitoa ikiwa imeshakufa, na ili walipe wanataka barua ya fundi kwamba ilikuwa nzima kabla. Fomu ya madai ni ya ejenti au ya ofisi? Na chombo chenyewe kinatengenezeka?

Bi Mkubwa, Milton Keynes
Wa aleikum salaam, pole mwanangu. Mie friji langu lilizuiwa kwa ajili ya CoC, kile cheti cha ubora, na CoC yenyewe imo kwenye bahasha waliyoishika mkononi, ejenti kazi yake kusema ngoja mama, nkangoja mpaka mlango ukaota kutu. Ikifika kuchanga sisi wanadiaspora, mzigo ukifika hatujulikani.

Ami wa Muscat
La kwanza kaka ako asikubali mtu atie fyuzi nene wala waya wa shaba. Transfoma ya 120 ukiipa 230 inavuta umeme bila kiasi, fyuzi ikikatika ndo imekuokoa. Aitoe aitazame, kioo kikiwa cheusi ndani basi imekatika kwa kishindo, aipige picha aiweke, hiyo ndo ya kumwonesha fundi anayeandika barua. Kisha afungue kifuniko plagi ikiwa nje, zile kapasita kubwa, vile vikebe vinavyohifadhi umeme, azitoe chaji kwa rezista, si kwa bisibisi kama wafanyavyo vijana, zile zinamtupa mtu chini. Azitazame vichwa, zilipata voteji karibu mara mbili, zikivimba au kutoa majimaji zimekwisha. Halafu mita kwenye koili ya mwanzo ya transfoma, ile ya upande wa plagi, isiposoma kitu asiitupe, nyingi zina fyuzi ya joto imefichwa chini ya karatasi ya koili. Halafu dayodi za briji, zile zinazogeuza AC kuwa DC, halafu transista zilizofungwa kwenye bati la alumini, kolekta na emita zikisoma sifuri zimeshikana.

Kijana wa Mtoni, Leeds
Ami samahani, kinachoua ampu za Marekani ni ile 60Hz, nyumbani ni 50, hata akiweka stepdauni ya kushusha 230 iwe 120 itakufa tu.

Ami wa Muscat
Si kweli, na usiandike hivyo watu wakatupa vyombo vyao. Umeme ukishapita briji ni DC, hertz hazina kazi tena. Transfoma ya 60 kwenye 50 inapata joto zaidi kidogo, basi, ipewe nafasi ya hewa. Kinachobadilika mwendo kwa hertz ni santuri zenye mota za zamani.

Mtoto wa Wete, Toronto
Ahsante Ami, nshamtumia kaka yote. Ila fomu jamani?

Fundi Chake, Copenhagen
Hamjataja balbu. Akishabadilisha vilivyokufa asiitie moja kwa moja, aunge balbu ya wati 100 mfululizo na waya wa umeme. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, kheri. Ikibaki kung'ara, bado pana shoti. Iwe ya uzi, LED haifai kabisa, na ikikaa baada ya stepdauni iwe ya 120, ya nyumbani itawaka kidogo tu na kumdanganya. Spika zikae mbali mpaka apime DC kwenye matundu ya spika nyuma ya amplifaya, milivolti kidogo sawa, volti thelathini zinaunguza spika mbele ya macho yake.

Bi Mkubwa, Milton Keynes
Mmenikumbusha 2008 waya wa baharini ulipokufa, Zanzibar nzima kiza karibu mwezi, tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mama alikuwa akisikiliza taarabu kwa betri, kaipunguza sauti zisiishe, kaipakata redio mapajani. Umeme ulivyorudi umekuja na kishindo, redio ikafa siku ile ile. Nilitamani niwe pale barazani naye.

Mtoto wa Wete, Toronto
Mama, Zanzibar nzima hapana. Ule waya ulikuwa wa Unguja. Sie Pemba tulikuwa na majenereta yetu mpaka ulipokuja waya wa Tanga 2010, na kiza chetu cha miaka yote hakuna aliyekiandika.

Kijana wa Mtoni, Leeds
Sasa tumeingia siasa.

Bi Mkubwa, Milton Keynes
Si siasa, anasema kweli. Nimekusikia mwanangu.

Fundi Chake, Copenhagen
Stepdauni asome wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya achukue mara mbili yake, zile ndogo za dukani zinanuka moto shughuli ikipamba. Au fundi aangalie transfoma kama ina koili mbili za 120, aziunge mfululizo, haihitaji stepdauni tena.

Ami wa Muscat
Kuna anayeshuka Pemba karibuni? Nna kapasita mbili za mikrofaradi 10,000 volti 80, mpya, natoa bure. Aje Ruwi, hapa Muscat, azichukue.