Gumzo la ukoo: sefu ya Baba Zuhura

Baba Zuhura (Houston): Assalaam aleykum jamaa. Shangazi shikamoo. Naomba ushauri. Nguruwe mwitu wamemmalizia rafiki yangu mazao shambani, anatuita tukawapige usiku. Masikio yangu hayauwezi tena mlio wa bunduki, nataka kununua kiwambo cha sauti, kile cha kufunga mtutuni kupunguza mlio. Muuzaji ananiuliza: kisajiliwe kwa jina lako au kwa trasti, yaani amana ya kisheria?

Shangazi Rukia (Mombasa): Marahaba mwanangu. Nguruwe?!

Baba Zuhura: Kuwapiga tu shangazi, hatuli 😂

Shangazi Rukia: Haya. Na hicho kiwambo si ndicho cha majambazi wa sinema?

Juma (Dallas): Texas ni halali shangazi, wawindaji wanacho. Ila kimo kwenye sheria ya Marekani ya 1934 pamoja na rashasha na bunduki za mtutu mfupi. Lazima kisajiliwe ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kwa Fomu 4, na picha na alama za vidole.

Baba Zuhura: Zamani ilikuwa na kodi ya dola 200. Tangu 1 Januari 2026 viwambo ni sifuri. Ndiyo nikasema niandike jina langu yaishe. Nimlipe wakili trasti ya nini?

Juma: Kodi imeondoka, usajili upo palepale. Kaka, hebu niambie, sefu utakayokiweka hapo nyumbani anaifungua nani?

Mama Zuhura: Mimi. Dhahabu zangu zimo humo.

Juma: Basi hapo ndipo penye kazi. Kikiwa kwa jina lake, mwenye ruhusa ni yeye peke yake. Wewe shemeji unaweza kukitumia akiwa kando yako. Lakini akija Mombasa mwezi mzima, ukabaki na namba ya sefu, mwendesha mashtaka ana njia ya kusema umekimiliki wewe bila usajili. Kifungo chake hufika miaka 10.

Mama Zuhura: Miaka 10 kwa kufuata bangili zangu??

Juma: Sisemi kesho watagonga mlango. Nasema mbona uache mwanya huo.

Shangazi Rukia: Trasti ndiyo wakfu?

Juma: Ni binamu yake. Mali inakuwa ya amana, wadhamini ndio wanaoishika, na mrithi kaandikwa mle. Ila wakfu hauuzwi wala haurudi. Hizi za bunduki mara nyingi aliyeianzisha anaweza kuibadilisha au kuivunja. Shemeji akiwa mdhamini, anashika kihalali hata mume akiwa Mombasa.

Baba Zuhura: Mimi niliambiwa raha ya trasti ni kukwepa alama za vidole.

Juma: Hizo habari za kabla ya Julai 2016! Enzi hizo mtu binafsi alihitaji sahihi ya sherifu au mkuu wa polisi, wa trasti hakuhitaji, ndiyo watu wakakimbilia huko. Sasa sahihi haitakiwi kwa yeyote, nakala tu ya kumpa habari. Na kila mdhamini anapeleka picha na vidole vyake. Ukiweka wadhamini watano, wote watano wapakwe wino. Jamaa yangu aliweka mpaka mashemeji. Mmoja kahamia jimbo jingine, simu hapokei, na ombi jipya limekwama.

Kassim: Ami, niweke na mimi basi 🙏

Juma: Wewe uko kwa viza ya mwanafunzi. Viza ya muda hairuhusu kushika bunduki, na kiwambo kisheria kinahesabiwa bunduki.

Kassim: Nikikata leseni ya kuwinda?

Juma: Msamaha huo upo, kweli. Lakini usimtie ami yako kwenye mlolongo huo. Ngoja upate makaratasi ya kudumu.

Shangazi Rukia: Na akifa je? Marehemu baba alipofariki, bunduki yake ilipelekwa kituoni, hatukuiona tena.

Juma: Huku hata kikiwa kwa jina la mtu, msimamizi wa mirathi hujaza Fomu 5, mrithi akapewa bila kodi, ilimradi sheria inamruhusu kumiliki. Wauza trasti hupenda kutisha watu na kifo. Angekuwa kapera, ningemwambia aandike jina lake asisumbuke.

Baba Zuhura: Basi iwe trasti ya wawili, mimi na mama. Zuhura ana miaka 16, tumwandike mrithi.

Mama Zuhura: Yaani nikapigwe picha na serikali kwa ajili ya nguruwe. Sawa.

Kassim: Lakini namba ya sefu si ile tarehe ya harusi yenu?

Baba Zuhura: Nani kakwambia???

Shangazi Rukia: Tarehe hiyo nani asiyeijua? Biriani niliipika mimi.

Juma: Badilisheni leo usiku. Fomu itangoja.